Bakuli la Raihana Lisilokauka

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa pwani ya Yemen aliishi mja mwema aitwaye Mundhiri. Riziki yake ilikuwa kuchemsha maji ya kisima cha chumvi mpaka yakauke, chumvi ibaki. Mkewe, Raihana, ndiye aliyeyateka. Asubuhi aliyoshikwa na homa alikuwa ameteka bakuli moja tu. Akaliweka dirishani, kando ya bakuli la maji ya kunywa, akalala, wala hakuinuka tena.

Mundhiri hakuyagusa mabakuli yale. Muda ukapita, la maji ya kunywa likakauka kabisa. La Raihana likawa bado lina maji. Kila alfajiri, akishaswali, Mundhiri alilitazama, na moyo wake ukatulia kidogo, kama mtu aliyesikia nyayo za mwenzake zikirudi.

Majirani nao wakaona. Wakasema hiyo ni karama ya mwanamke mchamungu. Mundhiri hakukubali wala hakukanusha. Alijua sababu, maana ndiyo kazi yake. Lakini alitamani mno asiijue.

Ndipo akaja Ummu Sabiha, jirani yake, amembeba bintiye anayeungua kwa homa. Akaeleza kwamba ameiacha dawa ya tabibu, kwani anataka mtoto anywe maji ya Raihana. Akanyoosha kikombe.

Mundhiri akalishika bakuli kwa mikono miwili. Akakawia.

“Usimnyweshe, mama,” akasema. “Haya ni maji ya chumvi, yatamdhuru. Chumvi huyashika maji. Yakiwa motoni huchelewa kuchemka, yakiwa dirishani huchelewa kukauka. Hakuna zaidi ya hilo.”

“Na siku zote hizi umenyamaza?”

“Nilikuwa namtaka mke wangu.”

Ummu Sabiha akakishusha kikombe chake. “Raihana angekusema,” akamwambia. “Angekusema mpaka jioni.”

Mundhiri akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kikageuka kilio. Ummu Sabiha akamfunika mtoto vizuri, akaharakisha kurudi kwa tabibu.

Mundhiri akawasha moto, akayamimina maji yale chunguni. Yalikawia kuchemka, naye hakuuchochea moto. Aliketi nayo mpaka tone la mwisho. Chumvi iliyobaki haikujaa kiganja. Mtoto alipopata nafuu, Mundhiri alimpelekea nusu ya kutilia mchuzi. Nusu nyingine akaila na mkate wake, kidogo kidogo, mpaka ikaisha.

Ndugu zangu, kumtamani aliyeondoka si dhambi. Ila hamu yetu isitufanye tumsingizie Mola ishara ambayo hakuileta, kwani huenda mwenye kiu akaja na kikombe chake. Mwenyezi Mungu awarehemu wake zetu, na atukutanishe nao pale ambapo hatutahitaji kuacha kitu dirishani.