Chai ya Kuaga Nyumbani kwa Nyaguthii

Alikuwapo mvuvi mmoja ambaye mkewe hakuwahi kupika samaki hata siku moja.

Si kwamba hakuwa hodari. Kwenye mto Rutui, mto mwembamba unaoshuka kutoka mlimani na baridi yake, hakuna aliyemshinda Ngunjiri. Ila alivua kwa namna yake. Hakutumia mnyoo wala wavu. Yeye na mkewe, Nyaguthii, waliketi kibarazani wakazungusha uzi na manyoya ya jogoo juu ya ndoana ndogo, mpaka ndoana ikafanana na nzi wa mtoni. Kisha Ngunjiri aliingia majini hadi magotini na kuurusha mshipi wake mrefu hewani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, hadi yule nzi wa manyoya akatua juu ya maji polepole kama aliyechoka kuruka. Trauti, samaki wa maji baridi, akapanda, akamdaka. Ngunjiri akamvuta, akamtazama, akamnong'oneza neno, akamwachilia.

"Umemwambia nini leo?" Nyaguthii alikuwa akimuuliza akirudi.

"Nimemsalimia tu."

"Na mimi nimesalimiana na sukuma wiki. Karibu mezani."

Wanawake wa kijijini walimtania Nyaguthii: mume wako anavua au anaoga? Naye alicheka pamoja nao. Manyoya yale yalikuwa kazi yao wote wawili. Yeye ndiye aliyeyatia rangi na kuyasuuza, mumewe akayafunga, na nzi waliobaki wakauzwa kwa wavuvi wa mbali. Hivyo ndivyo walivyozeeka, mmoja akiwa na uzi, mwingine akiwa na manyoya, na mto ukisikika chini ya shamba.

Kisha mto ukaanza kubadilika, kama mtu anayeugua bila kusema. Kwanza ikaja harufu. Halafu povu. Halafu kimya, maana hakuna samaki aliyeruka tena jioni.

Siku moja Ngunjiri aliinua jiwe kutoka chini ya maji akaligeuza. Zamani, chini ya kila jiwe walitambaa wadudu wadogo wanaokua na kuwa nzi wa mtoni, na hao ndio chakula cha trauti. Safari hii alikuta utelezi mweusi tu. Alirudi nyumbani, akaweka kisanduku chake cha ndoana mezani.

"Nyaguthii," alisema, "nzi waliobaki kwenye huu mto ni hawa tunaowafunga sisi."

Kuanzia siku hiyo mvuvi akageuka mpiganaji. Aliupanda mto akiuliza.

Juu kidogo ya kwake, darajani, alikuwapo Kiama, aliyekuwa akiosha pikipiki za bodaboda.

"Mzee wangu," Kiama alisema huku akipangusa mikono, "mimi hutumia sabuni kidogo tu. Panda kwa Gachoki ukaone damu."

Gachoki alikuwa na kichinjio.

"Damu huoza, ikaisha," alisema. "Mimi mwenyewe nateseka. Panda kiwandani, ukanuse hayo maganda."

Juu kabisa kilikuwa kiwanda cha kumenya kahawa, na mwenyekiti wake aliitwa Mbogo. Mbogo alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee Ngunjiri, hao samaki, wewe unawala?"

"Hapana."

"Unawauza?"

"Hapana."

"Basi unalilia nini?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Tatizo lilikuwa desturi yao ya tangu zamani: kila mmoja alichota maji juu ya kwake na kumwaga uchafu chini ya kwake. Maji mabaya yakimfikia aliyaacha yatulie, akayachemsha, akamlaumu wa juu. Aliyoyamwaga mwenyewe hakuyaona tena. Yalikwenda zake.

Ngunjiri hakuchoka upesi. Alisema kanisani, akasema kwenye baraza la chifu, akasimika vibao vya katoni kando ya mto vilivyoandikwa MTO UNAUMWA. Kanisani walisema amina. Barazani walipiga makofi. Vibao vililiwa na mbuzi.

Mwisho akautundika ufito wake wa kuvulia ukutani.

"Kinyua amekuwa akituita mjini siku nyingi," alimwambia mkewe. "Twende tukakae kwa mtoto. Hapa mimi sina kazi tena."

Nyaguthii alianza kuwaza kuku wake na shamba lake, na hicho kibaraza. Zaidi ya yote alikuwa anamwaza mumewe, akiwa amekaa kwenye chumba cha ghorofani akilitazama bomba la maji likidondoka. Ngunjiri bila mto alikuwa koti lililoangikwa tu. Akijua kwamba mumewe akihama hatarudi mzima, Nyaguthii alitafuta njia usiku na mchana, na njia aliyoipata ilikuwa ya jikoni.

"Sawa," alisema asubuhi moja. "Lakini tuage watu vizuri. Nitapika chai ya kuaga."

Kijijini kwao, mtu akihama, kila jirani humletea mtungi wa maji kutoka pale anapochota yeye. Maji yote huchanganywa kwenye sufuria moja kubwa, chai ikapikwa, wote wakanywa, ili anayeondoka aondoke na kila nyumba tumboni. Chai hiyo haikataliwi. Na kikombe hakibakizwi.

Jumapili, baada ya ibada, walikuja. Mbogo aliteremka na mtungi wa maji ya juu ya kiwanda, yanayong'aa. Gachoki alikuja na wake, Kiama na wake. Nyaguthii aliipokea mitungi langoni, akaipeleka jikoni. Lakini badala ya sufuria moja, alikuwa amewasha mafiga kadhaa, na kila mtungi akaumimina kwenye sufuria yake.

"Mama Kinyua, na desturi je?" Mbogo aliuliza akichungulia.

"Leo nimeibadilisha kidogo, Mwenyekiti. Kila mtu atakunywa maji ya jirani yake wa chini. Tuachane tukijuana vizuri."

"Hiyo ni nzuri," alisema Mbogo, na akaketi.

Chai haikutiwa maziwa. Nyaguthii alimpa Mbogo kikombe kilichopikwa kwa maji ya Gachoki, yanayochotwa chini ya kiwanda. Mwenyekiti alikipeleka mdomoni, akakirudisha.

"Chai imechacha hii."

"Hapana," alisema Gachoki akitabasamu. "Hayo ndiyo maji yangu, Mwenyekiti. Karibu nyumbani."

Watu wakaangua kicheko. Gachoki naye akapewa kikombe cha maji ya Kiama, yanayochotwa chini ya kichinjio. Juu yake yalielea macho ya mafuta.

"Mama, hii ni chai au supu?"

"Ni supu yako mwenyewe, mzee," alidakia Kiama. "Mimi huinywa kila siku, na bili hujaniletea."

Kiama alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa bado anacheka alipopewa chake, cha maji ya Nyaguthii, yanayochotwa chini ya daraja. Kilikuwa kimejaa povu kama maziwa yaliyofura. Alinusa petroli, kicheko kikamkauka.

"Mama, hii mtu akiwasha kiberiti karibu..."

"Usiwashe," alisema Nyaguthii.

Moyo wake ulikuwa unaimba. Wote watatu walikuwa na vikombe mikononi, na hakuna aliyejua pa kutazama. Ngunjiri alimtazama mkewe kwa namna ambayo hakumtazama tangu siku ya harusi yao.

Ndipo sauti ikasikika langoni.

"Mmeanza bila maji yangu?"

Alikuwa Shosho Marisera, bibi kizee anayelima nduma, yaani majimbi, kandokando ya mto, chini ya shamba lao. Alikuja akihema, kamtungi kadogo mgongoni, kamba ya mtungi ikiwa imepita kwenye paji la uso.

"Hiki kilima kimerefuka tangu niolewe," alisema. "Pokea, mwanangu. Usiondoke bila ya kwangu."

Nyaguthii alipokea, akafungua kifuniko, akamimina kwenye sufuria. Maji yalikuwa ya manjano.

Haikuwa manjano ya udongo. Ilikuwa manjano mbichi, ang'avu, na Nyaguthii aliijua. Ilikuwa bado imekwama kwenye kucha zake. Juzi tu alikuwa amesuuza manyoya ya jogoo, chini kidogo ya jiwe analochotea maji, kama alivyofanya miaka yote, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake.

"Shosho," aliuliza kwa sauti ndogo, "maji yako huwa hivi?"

"Siku nyingine huwa mekundu. Kuna wakati mlipata kazi nyingi, yakawa ya buluu, majani ya nduma yakaungua yote."

"Mbona hukuniambia?"

Shosho Marisera aliketi, akanyoosha miguu yake.

"Nilisikia mume wako anazunguka akiuliza habari za mto. Nikasema, huyu atafika kwangu. Nikafagia ua, nikangoja."

Ngunjiri aliinamisha kichwa. Mto ule alikuwa ameupanda mpaka viatu vikaisha soli. Hakuwahi kuushuka.

Mbogo ndiye wa kwanza kuona mwanya. Aliweka kikombe chake chini, uso umemnawiri.

"Basi, mmeona? Hata wenyewe! Wote ni wale wale. Tumwage hii chai, tusameheane, tuwasindikize wazee wetu kwa amani."

Gachoki na Kiama walianza kuinama waweke vikombe vyao. Nyaguthii alijua kwamba vikombe hivyo vikigusa ardhi, kesho kila mtu ataendelea kama jana, na yeye atakuwa ndani ya basi na masanduku yake.

"Ngojeni," alisema.

Aliiweka sufuria ya Shosho motoni, akaitia majani, akangoja ichemke. Akajimiminia kikombe kilichojaa, akasimama katikati ya ua, akanywa. Alikunywa taratibu, macho yake kwa Shosho Marisera, mpaka tone la mwisho. Midomo yake ikabaki na mstari wa manjano.

Ngunjiri akachukua kikombe kingine, akamimina, akanywa chote.

"Inakuwaje?" Kiama alinong'ona.

"Ina ladha ya jogoo," alisema Ngunjiri, na hata Shosho akacheka.

Nyaguthii alifuta mdomo.

"Shosho, nisamehe. Sitakuahidi kwa maneno. Kuanzia kesho nitachota maji yangu ya kunywa chini ya pale ninapomwagia, si juu. Nikikuchafulia, nitakuwa nimejichafulia mimi kwanza."

Kila mtu alielewa. Macho yote yakamgeukia mwenyekiti.

Mbogo alikiokota kikombe chake. Chai ya kuaga haikataliwi. Aliziba pua, akanywa, akakohoa, akanywa tena mpaka ikaisha.

"Gachoki, hii unainywa kila siku?"

"Kila siku, Mwenyekiti."

"Na watoto?"

"Na watoto."

Mbogo akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mkutanoni, "Na bomba la kiwanda la kuvutia maji litahamia chini ya mtaro wetu wa maji machafu."

"Mwenyekiti!" akapiga kelele mfanyakazi wake mmoja. "Chai ya saa nne tutaipikaje?"

"Hilo ndilo swali," alisema Mbogo.

Gachoki akanywa. Kiama akanywa, akasema tumbo lake sasa limeoshwa kama pikipiki, nao wote wawili wakaahidi kuchota chini ya pale wanapomwagia.

Hakuna polisi aliyeitwa, wala faini iliyotozwa. Lakini wafanyakazi wa kiwanda waliponusa chai yao wenyewe, walichimba mashimo ya maji ya maganda bila kungoja mkutano. Gachoki akachimba lake la damu. Kiama akahamisha sabuni zake kwenye uwanja ulio mbali na mto. Nyaguthii akaanza kusuuza manyoya kwenye beseni na kuyamwaga maji yake katika shimo la majivu, na kila wiki alishuka kwa Shosho kutazama mtungi wake una rangi gani.

Kinyua alipiga simu akauliza mbona hawaji. Mama yake akamwambia kwanza mvua ipite. Mvua ikapita. Akamwambia kwanza viazi vitoke. Kinyua hakuwa mjinga. Akaacha kuuliza.

Na alasiri moja, mvua nyingine ilipokuwa imekwisha, Nyaguthii alisikia kelele kutoka mtoni. Alitupa kikapu akakimbia, akidhani mtu amezama. Akakutana na Ngunjiri njiani, amelowa mpaka kifuani, hana kofia, ameshika ufito wenye mshipi uliokatika.

"Amenikatia mshipi!" alikuwa anapiga kelele kama aliyezawadiwa ng'ombe. "Nyaguthii, mkubwa hivi! Amenivuta mpaka nikaanguka! Amekwenda na nzi wako!"

"Yupi?"

"Yule mzuri kuliko wote!"

"Yule nilimfanyia kazi kutwa nzima, Ngunjiri!"

Wakasimama pale njiani wakishikana mabega, wakacheka mpaka wakaketi chini kwenye majani mabichi.

Funzo: Ukitaka kujua kama wewe ni msafi, usitazame maji unayochota, shuka ukaonje ya jirani yako wa chini.