Vivimbe vya Mkuyu wa Chemchemini

"Kivimbe cha jani, mwenyewe yumo ndani." Mama yenu kasema hivyo mlipomsingizia mtoto wa jirani kala nyama ya chunguni, sasa mwanikodolea macho mimi! Haya, kaeni. Wewe, acha kutikisa mguu. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Upare, bibi harusi alipofika kwa mumewe, asubuhi ya kwanza alipelekwa chemchemini. Kabla ya kuteka maji aliushika mkuyu wa pale kwa mikono miwili, mti umjue. Namkunda aliushika. Haukupita muda, majani ya mkuyu yakatoka vivimbe, vipele vitupu.

"Mti una ndui! Kauletea yule mgeni!" Weee! Kijiji hakikutulia tena. Watu wakajikuna pasipowawasha. Namkunda akifika chemchemini, wenzake hujitwisha mitungi haijajaa, wakakimbia. Akalia mpaka basi. Alimpenda mumewe, na kwao hakubaki wa kumpokea.

Baba mkwe wake, Mzee Senkondo, akashindwa na maneno ya watu. Akaamuru mzigo wa Namkunda ufungwe, arudi alikotoka.

Mzigo ukafungwa, watu wakajaa uani. Namkunda akatoa jani la mkuyu, akapasua kivimbe kwa ukucha mbele yao. Ndani mlikuwa na funza mweupe, mdogo kama punje ya ulezi, akijinyonganyonga.

"Baba, tazama," akasema. "Huyu ndiye aliyelivimbisha jani. Kakulia humu humu. Ndui iko wapi?"

Mzee akalitazama jani, kisha akawageukia watu. "Nani alisema ndui kwanza?"

"Mimi niliambiwa na Mama Kilave," akasema mmoja wao.

Mama Kilave akaruka. "Msinitie mimi! Nilisikia kwa Nambike!"

Nambike akainama. "Nilisikia hapa hapa kwako, Mzee. Kwa binti yako Nakiete."

Nakiete, wifi yake Namkunda! Tangu bibi harusi aje, jiko halikuwa lake peke yake tena, na roho ilimuuma. "Baba, nilidhani tu..." akasema, machozi yakamtoka.

Mzee Senkondo akamgeukia Namkunda. Akapiga magoti, mtu mzima yule, akaufungua mzigo wa mkwe wake kwa mikono yake mwenyewe. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Kivimbe cha jani, mwenyewe yumo ndani."

Haya, niambieni tena habari za nyama na mtoto wa jirani. Wewe, mbona mguu umetulia ghafla? Ehee! Kivimbe cha jani, mwenyewe yumo ndani.