Kinywa Huuliza, Miguu Hujibu

Kinywa huuliza, miguu hujibu. Mliusikia msemo huu jana kwa Mama Subilaga akimwambia mwanawe, nanyi mkacheka mkidhani anamsema kwa uzururaji. Hakuwa akimsema. Hatukuurithi kwa mababu. Una mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Sogeeni, msikie ulivyozaliwa.

Huko Rungwe, katika kijiji cha Kalebela, palikuwa na binti aitwaye Sekela, mtoto wa Mzee Mwaipopo, mkulima wa chai. Alimaliza kidato cha sita akafaulu vizuri, na chuo kikamkubalia kozi zote mbili alizoomba: Sayansi ya Kompyuta na Mifumo ya Taarifa. Mwingine angemshukuru Mungu akatulia. Sekela alikosa raha. Chuo kilitaka achague moja na kuithibitisha kabla ya jioni ya Ijumaa, na asiyethibitisha nafasi yake ingekwenda kwa mwingine.

Asubuhi alikuwa wa Sayansi ya Kompyuta, mchana amekwisha kuhama. Akimenya ndizi, kisu kilisimama hewani na ganda likining'inia, mpaka mama yake amwite. Alimuuliza mwalimu wake wa hesabu, akaambiwa kwamba mwenye kichwa kama chake akienda kwingine anatupa karama. Alimuuliza binamu yake wa Mbeya mjini, akaambiwa kuwa watu wa mifumo ndio wanaowahi kupata kazi. Alimuuliza mchungaji, akaambiwa aombe. Aliomba, akainuka na swali lake lile lile. Baba yake alisikiliza maelezo yote, kisha akauliza taratibu kama hiyo Mifumo ya Taarifa ndiyo kazi ya kusoma taarifa ya habari redioni, maana kama ndiyo, sauti anayo. Mama alicheka. Sekela alitoka nje akaizunguka nyumba.

Kilichomtesa hasa hakukisema kwa mtu. Aliogopa kwamba akichagua Mifumo, watu watasema amekimbia hesabu. Na akichagua Sayansi, je, ataisoma kwa kuipenda, au kwa kuogopa midomo ya hao hao watu?

Siku hizo alikuwa akijitolea katika kituo cha afya cha kijijini, dirisha la mapokezi, pamoja na Ambakisye, kijana aliyesoma naye darasa moja. Ambakisye naye alipata kozi zile zile mbili, ila hakuhangaika. Alisema Ijumaa ikifika ataamua, akaendelea kula karanga zake.

Kituo kilikuwa kimeletewa kompyuta za kuandikisha wagonjwa. Kila aliyefika dirishani alitaja jina lake na la ukoo, na daktari akaona chumbani mwake magonjwa yake na dawa zake zote za nyuma. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini mashine ilianza kusahau watu. Mtu aliyetibiwa juzi juzi alionekana mgeni. Kabla Sekela hajaanza kujitolea, bibi mmoja alichomwa sindano ambayo mwili wake uliikataa, akazimia, akaponea chupuchupu. Habari ile iliandikwa kwenye mashine. Aliporudi na homa nyingine, mashine haikumjua, na daktari akamwandikia sindano ile ile. Kilichomwokoa ni muuguzi kuikumbuka sura yake. Mganga mkuu alisema kwamba kituo hakiwezi kutegemea kumbukumbu ya sura, akaomba fundi.

Fundi alifika Ijumaa yenyewe asubuhi. Aliitwa Haule, mtu wa makamo, mpole, mwenye kuzungumza na kompyuta kwa sauti ya chini kama anayembembeleza ng'ombe akamuliwe. Aliwakaribisha vijana wakae ubavuni mwake, waone mashine ilivyo kwa ndani. Sekela alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa hamu. Alivuta kiti, akatazama mistari ikipita, na kwa kitambo alidhani moyo wake umeshaamua.

Haule alitafuta, akatafuta tena, kisha akaegemea nyuma. Aliwaambia kwamba mashine haijasahau mtu yeyote. Kila mgonjwa yumo, ila wengine wamo mara nyingi, kila mara kwa jina la ukoo tofauti. Alionyesha mfano: Tupokigwe mmoja, umri mmoja, kijiji kimoja, majina ya ukoo matatu. Akasema anaweza kuiandikia mashine namna ya kulinganisha, ipime majina, umri na mahali, kisha imwulize mwandikaji kama hawa si mtu mmoja. Ambakisye aliacha karanga. Alianza kuuliza mashine itapimaje kufanana, na ikikosea itajuaje kama imekosea, na kiti chake kikasogea mpaka bega lake likamgusa fundi.

Sekela alikuwa na swali lingine.

"Kwa nini mtu abadilishe jina la ukoo kila anapokuja?" aliuliza.

"Hilo haliko humu ndani," Haule alijibu bila kugeuka. "Mashine inashika inachopewa."

Magoti ya Sekela yalikuwa yakicheza chini ya meza. Akakumbuka Ijumaa, akakumbuka jioni, na lile swali lililomzungusha wiki nzima likamtoka.

"Fundi, chuo kinanitaka nichague Sayansi ya Kompyuta au Mifumo ya Taarifa, na wewe umezijua zote mbili. Mtu kama mimi achague ipi?"

Haule alimaliza mstari aliokuwa akiuandika. Lilikuwa swali la haki, akataka kulijibu kwa haki. Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Sekela alikuwa nje, kwenye benchi la wagonjwa, na wala hakuwa na habari kwamba ameinuka. Alikuwa ameketi kando ya bibi mmoja aliyefungwa kitambaa mguuni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwishoni mwa benchi. Alimwamkia, akaitikiwa. Alimpa pole ya mguu. Kisha, kwa adabu, akamuuliza kama anapofika dirishani hutaja jina la ukoo wa mumewe au la baba yake.

Bibi alitazama pembeni.

"Mjukuu wangu, wewe ni wa siku hizi," alisema. "Jina la mume wangu ni la baba yake, na baba yake ni mkwe wangu. Sisi tulioolewa zamani, jina la mkwe halipiti kinywani. Hata akishakufa halipiti. Pale dirishani naulizwa mbele ya watu, vijana wananisubiri, basi nasema lolote linalonijia. Leo nimetaja la mjomba."

Sekela alihisi kama aliyefunguliwa dirisha chumbani. Akataka kuuliza zaidi, lakini bibi aliendelea mwenyewe. Alisema hana neno na kituo, kilimsaidia sana siku ile alipozimia kwa sindano.

"Wewe ndiye uliyezimia, bibi?"

"Ndiye mimi. Tupokigwe."

"Na leo umeandikiwa nini?"

"Sindano. Ya kidonda hiki."

"Hukumwambia daktari kwamba kuna dawa inakukataa?"

"Jina lake silijui mimi," bibi alisema bila wasiwasi wowote. "Waliniambia wameiandika kwenye mashine yenu."

Muuguzi aliyemjua kwa sura alikuwa likizo. Mlango wa chumba cha sindano ulifunguliwa na muuguzi mgeni akaita kwa jina la yule mjomba. Bibi akaanza kujiinua. Sekela alimshika mkono akamrudisha polepole kwenye benchi, akaingia yeye. Alieleza lote kwa mfuatano: huyu ni nani, alizimia, kwa nini mashine inamwita mgeni. Muuguzi aliiweka sindano mezani na kumfuata hadi mapokezi. Ambakisye akalitafuta jina la ukoo la kwanza kati ya yale matatu, kisha lile la pili, na habari ya siku ile ikajitokeza. Dawa ilikuwa ile ile. Daktari alikuja mwenyewe, akaisoma akiwa amesimama, akabadilisha dawa, akaenda kumwomba bibi radhi.

Sekela hakukaa hata baada ya hapo. Alikwenda maabara, akaenda dirisha la dawa, akarudi kwenye benchi, akiuliza kila mahali jina linavyoulizwa na nani anasikia. Alasiri alimweleza mganga mkuu kwamba mama mtu mzima asiulizwe jina la mkwe wake kwa sauti mbele za watu. Aulizwe pembeni, tena aulizwe jina la mama yake mzazi na mahali alipozaliwa, maswali yasiyomwaibisha yeyote. Haule na Ambakisye wakayaingiza maswali hayo kwenye mashine, pamoja na ule ulinganisho wao, ambao nao ulifanya kazi vizuri.

Jua lilipoanza kuegemea, Sekela alishtuka. Alimfuata Haule, aliyekuwa akikunja nyaya zake, akamwambia kwa unyonge kwamba saa zinakwisha naye hajajibiwa.

"Nilifungua kinywa nikujibu," Haule alisema, "nikakuta kiti kitupu. Mwenzako huyu tangu asubuhi hata maji hajaenda kunywa. Alikwama kwenye namna mashine inavyofikiri. Wewe umekwama kwenye namna watu wanavyoitumia, na kwa nini inawashinda. Ya kwanza ndiyo Sayansi ya Kompyuta. Ya pili ndiyo Mifumo ya Taarifa."

"Na ipi ni kubwa?"

"Yule bibi leo angeponea kwa ipi peke yake?"

Sekela aligeuka akautazama mlango wa chumba cha sindano.

"Wiki nzima kinywa chako kinauliza, binti," Haule alisema. "Leo miguu yako imejibu."

Walithibitisha pale pale mapokezi, kila mmoja kwa simu yake: Ambakisye Sayansi ya Kompyuta, Sekela Mifumo ya Taarifa. Msidhani wasiwasi wake uliisha siku hiyo. Mwaka wa kwanza wapo waliomwambia amechagua rahisi, na zilikuwapo siku alipowaamini. Mara mbili aliandika barua ya kuomba kuhama, na mara mbili akaichana, kwa sababu kila alipopewa kazi ya darasani alijikuta tayari yuko sokoni au zahanati, akiwauliza watu wanafanyaje kazi zao. Leo ndiye anayezunguka vituo vya nyanda za juu kusimika mifumo ya wagonjwa, na programu nyingi anazosimika zimeandikwa na Ambakisye. Hugombana kwenye simu, hupatana, huendelea.

Kule Kalebela neno la fundi lilibaki. Akina mama waliokuwa kwenye benchi walilichukua wakaenda nalo nyumbani, wakalifupisha. Basi mtu akija kwako hana utulivu, anakuuliza ashike lipi aache lipi, usiharakishe kumjibu. Mtazame kwanza anakoelekea anapojisahau. Kinywa huuliza, miguu hujibu.