Mitungi Ishirini ya Bibi Naetwe

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe kabisa sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi na kila mara imeishia kwa ugomvi. Wapo ndugu wawili, watu wazima na ndevu zao, wamenuniana kwa ajili yake tangu mwaka juzi. Kwa hiyo sikilizeni vizuri, ili mkigombana mgombane mkijua mnachogombania.

Katika kijiji cha Mhandeni, huko tambarare ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na lake.

Mchome alikuwa na macho. Wenzake wakipita njiani walipita. Yeye alichutama kumtazama sisimizi mpaka ajue anakokwenda. Mkewe alimtuma chumvi asubuhi, chumvi ikafika jioni, lakini ikafika pamoja na habari ya kila kitu kilichoota njiani.

Nakijwa alikuwa na mikono. Alifinyanga mitungi ya maji yenye shingo nyembamba na tumbo la kupendeza, ungedhani imechorwa. Ila ilitoka jasho. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, hakuweza kupanda mlimani kunakochimbwa udongo mzuri, akatumia udongo wa korongoni ambao ni nusu mchanga. Ukiujaza mtungi wake asubuhi, jioni sakafu imelowa na mtungi uko nusu. Watu walichukua, wakarudisha. Kijiji kizima kilimwita Mama Jasho, naye aliitika, kwa sababu angefanya nini.

Mgonja alikuwa na miguu, yake miwili na minne ya punda wake. Punda huyo aliitwa Meneja, kwa kuwa hakufanya kazi mpaka abembelezwe. Lakini Mgonja akikwambia maji yatafika Jumanne, Jumanne yamefika, hata kama Meneja amelala chini mara tatu njiani.

Sasa mtu wa nne, ambaye hadithi hii ni maumivu yake ya kichwa, ni Bibi Naetwe. Mumewe alikuwa amezikwa katika kona ya shamba lao, na shamba lenyewe lilikuwa limekauka. Ukoo wa mumewe ulikuwa na sheria: shamba likikosa jani kwa masika matatu mfululizo, linarudi ukooni na kupewa mwingine. Masika mawili yalikwisha kupita bila jani. Shemeji yake, Senkoro, alikuwa ameanza kupita pale akipima kwa hatua.

"Shemeji, usisumbuke," alimwambia. "Nitakujengea kibanda huko juu kwa binti yangu. Kaburi nitalitunza mimi."

Bibi Naetwe alimjua Senkoro. Mtu aliyeshindwa kufagia uwanja wake mwenyewe ndiye atunze kaburi? Alichotaka bibi kilikuwa kitu kimoja tu: azikwe pembeni ya mumewe, katika ardhi ambayo mtu wa maana anailima. Watoto wake wote walikuwa mbali na hawakutaka hata kusikia jina la Mhandeni.

Ndipo Mchome alipomjia. "Bibi, agiza mitungi ishirini kwa Nakijwa. Tuifukie mpaka shingoni, tujaze maji, na kando ya kila mtungi tupande mpapai. Itaota."

"Umeyajuaje hayo?"

"Nimewaza tu."

Alikuwa anadanganya. Ukweli ni kwamba Mchome alikuwa amefukuza mbuzi wake mpaka mahali Nakijwa anapochomea vyungu, na huko kwetu mwanamume hakanyagi mahali pa kuchomea, liwalo na liwe. Huko nyuma aliiona ile mitungi iliyorudishwa. Nakijwa alikuwa ameifukia nusu isianguke, akiwekea maji ya kulowekea udongo. Na kuuzunguka kila mtungi, katikati ya kiangazi, majani mabichi yalikuwa yamesimama. Mchome akasahau mbuzi. Alichutama, akachimba kwa kidole, akaona mizizi imeukumbatia mtungi, ikinywa jasho lake kidogo kidogo. Aliyaelewa yote pale pale, lakini angesema vipi, bila kusema alikuwa wapi?

Basi Nakijwa akaletewa habari kwamba kuna mtu anataka mitungi yake ishirini. Ishirini. Mwanamke aliyerudishiwa mitungi miaka kumi na moja! Akaapa kwamba safari hii hakuna atakayemcheka. Alimbembeleza dada yake amletee udongo wa mlimani, akaukanda siku tatu, akaisugua mitungi kwa jiwe mpaka ikang'aa, akaichoma kwa moto mkali na kuipaka utomvu ndani. Haikuvuja hata tone.

Mnaona wenyewe kilichotokea. Mgonja alileta maji, mitungi ikajazwa, mipapai ikapandwa. Baada ya wiki mbili mipapai ishirini ilikuwa imekufa kwa kiu, kila mmoja umelala ubavuni mwa mtungi uliojaa maji mpaka shingoni. Bibi Naetwe alisimama pale, mikono kiunoni. Alitamani kumpiga mtu, ila hakujua aanze na nani.

"Mchome," alisema hatimaye, "wewe unajua kitu hukisemi. Nikikuangalia usoni nakiona."

Mchome akaanza kuchimba mchanga kwa kidole.

"Sema. Sema, na shamba hili nikifa nitakuandikia wewe."

Akasema. Wanawake wafinyanzi walimtoza majogoo wawili na kumkataza kukaa kwenye sherehe yao yoyote mwaka mzima. Alikosa hata harusi ya mdogo wake. Alisikiliza ngoma akiwa kwake, mlango umefungwa. Huo ndio mchango wa Mchome, na aliulipia.

Kazi ikahamia kwa Nakijwa. Bibi Naetwe alimfuata mwenyewe, akamweleza kwamba inatakiwa ile mitungi ya zamani, inayotoka jasho, tena itoke jasho zaidi.

Nakijwa aliinua macho kutoka kwenye udongo. Kisha akasema, "Bibi, yaani nimefinyanga mitungi mizuri kuliko yote ya maisha yangu, na wewe unakuja kuniomba aibu yangu? Tena ishirini, ipangwe shambani kando ya njia, kila mpita njia aione?"

"Mwanangu, hiyo aibu ndiyo itakayoniokoa."

"Mwambie dada yangu afinyange."

"Dada yako hawezi. Mitungi yake ni mizuri mno." Bibi Naetwe alikuwa amechoka, jua linamchoma, na Senkoro alikuwa amepita tena asubuhi ile na hatua zake. "Finyanga, mwanangu. Finyanga, na shamba nitakuandikia wewe."

Mnamsikia? Alisema tena. Na msimcheke, maana hata nyinyi mkibanwa huwa mnaahidi.

Nakijwa akarudi korongoni na mguu wake mbovu. Alichanganya udongo na mchanga uliochekechwa, akaongeza pumba za mtama ili ziungue na kuacha vitundu visivyoonekana, akachoma kwa moto wa wastani. Mingi ilipasuka. Alifinyanga arobaini na tatu ili ipatikane ishirini, na walewale waliomwita Mama Jasho walisimama njiani kumcheka upya. Huo ndio mchango wa Nakijwa, na aliulipia.

Mitungi ikafukiwa, ikafunikwa vigae ili jua lisinyonye maji. Mipapai ikapandwa upya, na ikashika. Masika ya tatu yakaja, yaani mawingu yakaja yakaondoka, na mipapai haikujali. Udongo ukikauka, mtungi unatoa; udongo ukilowa, mtungi unatulia. Lakini mtungi haujijazi wenyewe. Kila siku ya nne lazima ujazwe. Ukifika siku ya tano bila kujazwa, majani yanalegea.

Kwa hiyo Mgonja alikuja kila siku ya nne. Miezi mitatu, minne, mitano. Mwezi wa sita pampu ya kisima cha karibu ikaharibika, akawa anakwenda kisima cha ng'ambo ya reli, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Siku ya posa ya binti yake, wageni walimsubiri mpaka chakula kikapoa, baba mtu yuko njiani anambembeleza punda. Mkewe alimwambia achague. Akaja kwa Bibi Naetwe, akatua madumu.

"Bibi, hii ni mara ya mwisho. Nyumbani hapakaliki."

Bibi Naetwe aliitazama mipapai. Ilikuwa imefika kifuani kwake, na miwili ilikuwa imetoa maua. Mdomo ukafunguka kabla akili haijafika.

"Mgonja, nisaidie mpaka izae. Mpaka izae tu, na shamba nitakuandikia wewe."

Mgonja akainua madumu yake. Hakukosa siku ya nne hata moja, mpaka mapapai yakaning'inia. Huo ndio mchango wake, na aliulipia.

Haya. Shamba likawa na kijani kutoka kona hadi kona, na kaburi la mzee likapata kivuli. Senkoro akaacha kupima. Ungefikiri Bibi Naetwe angekaa chini angalau mwezi mmoja, ale papai lake kwa utulivu. Hakumaliza hata la kwanza. Wale watatu walikutana shambani, kila mmoja akawapongeza wenzake kwa kumsaidia katika shamba lake.

Tangu siku hiyo bibi hakunywa chai yake ikiwa moto. Mchome alifika alfajiri: bila yeye kuona, mitungi ingekuwa takataka hadi leo. Akitoka, anaingia Nakijwa: bila mikono yake, Mchome angeendelea kuona mpaka apofuke. Akitoka, anaingia Mgonja: kuona na kufinyanga wamefanya mara moja wakapumzika, yeye amefanya kazi kila siku ya nne.

"Nyamazeni," bibi aliwaambia siku moja alipowapata wote. "Kosa ni langu. Niliahidi mara tatu kitu kimoja, nimewakosea nyote. Nitawaandika wote watatu, mle pamoja."

Akapeleka neno hilo ukooni, nako wakamkatalia. Shamba lenye kaburi halikatwi, wakasema, na haliandikwi majina mawili, sembuse matatu. Waliwahi kufanya hivyo kwa shamba la juu, na mpaka leo wenye majina wanarushiana mawe. Jina moja, tena asubuhi ya Jumamosi. Akikosa jina, shamba anachukua Senkoro.

Wale watatu waliposikia, kila mmoja akashika chake. Mgonja alimfunga Meneja kwenye mti na kusema hatoi tone mpaka jina litajwe. Nakijwa alikuja na jembe, akasema jina likiwa la mwingine anafukua mitungi yake yote ishirini. Mchome alizungushia shamba miba, akakaa langoni, asiingie mtu mpaka ijulikane ni la nani. Bibi Naetwe aliwaangalia watu watatu aliowapenda kuliko watoto wake, akaona kwamba anawachukia kidogo. Alilia kwa hasira, akajifuta kwa khanga, akaenda zake kulala.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa, na mitungi haikujazwa. Jumamosi ilikuwa ya tano.

Asubuhi hiyo wazee wa ukoo walikaa kwenye viti karibu na kaburi, baada ya Mchome kuombwa sana asogeze miba. Majani ya mipapai yalikuwa yamelegea. Senkoro alivaa koti jipya. Katibu wa ukoo alifungua daftari.

"Shemeji," Senkoro alisema kwa upole ambao haukuwa wake, "jina moja tu. Au useme huna."

Bibi Naetwe alisimama. "Kabla sijataja," aliwaambia wale watatu, "niulize. Nikimtaja Mchome, wewe Nakijwa utaiacha mitungi ardhini?"

"Siachi," alisema Nakijwa.

"Nikimtaja Nakijwa, wewe Mgonja utaleta maji?"

"Mke wangu ameshasema, bibi."

"Nikimtaja Mgonja, wewe Mchome?"

Mchome alikuwa amechutama. Alikuwa anatazama jani moja la mpapai likijikunja.

"Mnaona mlivyo?" bibi alisema. "Nitazikwa hapa, na nyinyi mtakuwa mnafukua mitungi juu ya kichwa changu. Mngenionea huruma hata kidogo, mngekwisha kunisaidia kuchagua."

Hakuna aliyetikisika. Katibu alishusha kalamu kwenye karatasi, akauliza, "Jina?"

Bibi Naetwe alimtazama aliyeona, akamtazama aliyefinyanga, akamtazama aliyebeba. Kisha akafungua mdomo.

Nami hapo ndipo ninaponyamaza, na msinitolee macho. Msiniambie wagawane, ukoo umekataa. Msiniambie bibi asiwe na haraka ya kuahidi. Hilo analijua kuliko nyinyi. Mitungi iko mikavu, majani yamelegea, Senkoro amevaa koti, na kalamu iko juu ya karatasi. Ungekuwa wewe ndiye Bibi Naetwe, na huyo utakayemtaja ndiye atakayekufukia kando ya mumeo, je, ungemtaja nani?