Kwa Nini Tunaanza na Ua wa Ndugu

Mkwizu, acha kuitazama brashi ya Namkunda. Yako ina manyoya ya kutosha. Chovya kwenye hiyo oili chafu, upake, na masikio uyalete hapa. Nimewasikia mnavyonung'unika: eti kwa nini tunapaka kwanza ua wa baba yenu mdogo, na wetu umepauka hivi. Basi nitawaambia. Nikiuliza "Ua?" ninyi mnajibu "Umesimama."

Ua?

Umesimama.

Haya. Ulikuwako wakati, nao umekwenda zake, ambapo milima hii ya Upare ilikuwa haijaujua msumari, na fisi walikuwa wengi kuliko mbuzi. Wakati huo palikuwa na mjane, Nakiete, mwenye wana wawili: Senzota mkubwa, Kajiru mdogo. Miji yao ilitazamana, katikati umepita mfereji wa maji tu. Ukikohoa huku, kule wanakupa pole.

Siku moja mama akawaita. "Wanangu, nimezeeka, na fisi wanalala mlangoni kwangu. Kila mmoja ajenge ua. Masika mawili yakipita, nitahamia kwa mmoja wenu."

Kwa nani? Hakusema. Na hapo ndipo Senzota alipoanza kuumwa na ugonjwa usio na dawa. Maana yeye alikuwa na kijicho tangu zamani. Mama akipeleka mkungu mzima wa ndizi kwa Kajiru na vichana viwili kwake, hapati usingizi. Kajiru alikuwa na watoto saba, Senzota mmoja. Lakini mwenye kijicho hahesabu vinywa, anahesabu ndizi.

Wakakata miti. Kajiru akaanza kubandua magome. Akaita ng'ambo ya mfereji, "Kaka, njoo tusaidiane kubandua, kesho nije kwako."

Senzota akajibu, "Nina kazi."

Kajiru akawasha moto, akalaza nguzo zile ncha za chini zikiungua juujuu mpaka zikawa nyeusi. Akaita, "Kaka, njoo unisaidie kugeuza nguzo."

"Nina kazi."

Kajiru akachemsha mafuta ya nyonyo na masizi. Akaita tena, "Kaka, mafuta yametosha nyua mbili, njoo na chungu."

"Nimesema nina kazi."

Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Kumchungulia. Alikaa nyuma ya migomba yake akisema peke yake, "Ananiita mimi, mzaliwa wa kwanza, nikamgeuzie magogo? Anataka mama apite aone nani bwana na nani mtumwa. Thubutu." Roho ikamuuma, chakula kikamshinda. Namkunda, usicheke, nawe jana ulinuna kwa ajili ya kipande cha muhogo.

Ua?

Umesimama.

Ua wa Kajiru ukasimama, ukang'aa. Wanawake waliokwenda mtoni wakawa wanaugusa na kusema, "Mama Nakiete amepata pa kulala." Senzota akasikia, akalia machozi kabisa, mtu mzima na ndevu zake. Akasema, "Kama ni kung'aa, nami nitang'aa."

Akasimamisha nguzo zake zikiwa bado na magome. Kwa nini hakuziunguza? Kwa sababu alipochungulia aliona moto na magogo yakigeuzwa, akadhani ndugu yake anakausha miti tu. Na ile sehemu nyeusi ilikwishazikwa, haionekani. Mafuta hakuwa nayo, kuomba hataki. Basi akachota udongo mwekundu, akaukoroga mpaka ukawa kama uji, akaupaka juu hadi chini. Ulipokauka akausugua kwa jiwe. Ukapendeza kuliko ule wa mwenzake.

Watu wakausifu. Senzota akalala usingizi mnono. Lakini mnajua mchwa anapenda nini? Anapenda kufunikwa. Ukimpakia udongo juu ya gome, umemjengea nyumba na kumwekea chakula ndani. Wakaja kimyakimya, wakala.

Kila baada ya masika Kajiru alirudi kupaka mafuta, akatikisa nguzo moja moja. Senzota hakuutikisa wake hata siku moja. Yeye alikuwa akiutazama wa Kajiru.

Masika ya pili yakapita. Asubuhi moja mama akateremka, kichwani mkeka wake na jiwe la kusagia. Akafika mbele ya ua mwekundu. Akaweka mkono kwenye nguzo ili apumzike, akasema, "Hodi, mwanangu."

Nguzo ikavunjika. Ua ukalala na mama akalala nao, nyonga ikavunjika, na mchwa wakamwagika juu ya mkeka wake.

Senzota akatoka mbio, akamwinua mama. Na mnajua neno lake la kwanza lilikuwa lipi? Hata hapo wivu ulitangulia kusema. Akauliza, "Mama, ulikuwa unapita kwenda kwa Kajiru?"

Mama akamtazama. "Nilikuwa nimefika, Senzota. Tangu siku niliyowaita nilikuwa nakuja kwako. Wewe ndiye uliyenifanya niitwe mama, ningekwenda kwa nani?"

Kajiru akavuka mfereji, wakambeba wote wawili wakamwingiza ndani kwa Senzota. Senzota akaokota kile kipande cha nguzo, ni ganda tu. Akauliza, "Mbona zako haziozi?"

Kajiru akasema, "Nilikuita, kaka. Mara tatu."

Mama alikaa kwa Senzota miaka mingi, lakini hakutembea tena. Na Senzota, kila mvua zilipokwisha, alibeba chungu cha mafuta, akavuka mfereji, akapaka kwanza ua wa Kajiru. Wake baadaye. Hakuna aliyemwagiza. Mwanawe akamwona, akafanya hivyo, na wajukuu wake, mpaka mimi, mpaka ninyi hapo na mikono yenu michafu.

Jicho la kijicho linaishia juu ya ardhi, wanangu, na nguzo inaozea chini. Ndugu yako akikuita kazini, nenda. Huenda anakufundisha.

Kisa changu nimekisimamisha hapa na kukishindilia udongo. Atakayekikuta kimelegea akitikise. Ua?

Umesimama.

Haya, tuvuke kwetu. Mkwizu, bado unaitazama ile brashi.