Bundi Aliyeacha Kuruka

Kisa hiki kisome mpaka mwisho kabla hujakituma kokote. Kisha usikirushe kwenye makundi. Mtumie mtu mmoja tu. Ukifika chini utamjua.

Katika nchi moja ya kaskazini, ambako theluji hufunika ardhi karibu nusu ya mwaka, aliishi mfua mashuka wa hospitali aitwaye Ambakisye, mwenyeji wa Tukuyu. Mkewe, Subilaga, alibaki nyumbani na mtoto wao, Lusajo. Mikono ya Ambakisye ilikuwa ya mashuka, lakini moyo wake ulikuwa wa kupiga picha bundi.

Si bundi hawa wa kwetu, wanaolia juu ya paa watu wakatoka na mawe. Huko kuna bundi mkubwa wa kijivu, uso mviringo kama ungo, ambaye huwinda mchana kweupe. Hutua juu ya nguzo, akainamisha kichwa, akasikiliza panya wanaopita chini ya theluji. Akimsikia mmoja hujitupa miguu mbele, akazama mpaka mabawa, akaibuka na riziki yake.

Ambakisye alikuwa na picha nyingi za bundi huyo: akiruka, akiwa mbali, akiwa amempa mgongo. Mchapishaji mmoja alikubali kumtolea kitabu, ila ilikosekana picha moja ya jalada. Alimtaka bundi karibu, amemtazama mtu machoni.

"Nikiipata hiyo, narudi nyumbani," alimwambia mkewe.

Hayo yalikuwa majira ya baridi ya kwanza. Likizo yake ya mwaka, badala ya kupanda ndege, aliimalizia porini. Subilaga alimjia juu kwenye simu: "Wenzako wanamfukuza bundi kwa mawe, wewe unamfuata kwa miguu! Haya, Baba Bundi, utuletee na mayai yake tuyaatamie!"

Majira ya pili, likizo ikaenda porini tena. Subilaga akalia.

Majira ya tatu, Ambakisye alipompa habari ile ile, Subilaga alijibu neno moja.

"Sawa."

Hakugomba, hakulia, hakuuliza lini. Ambakisye alishusha pumzi. Kesho yake, wakikunja mashuka, alimwambia mwenzake wa kazini, "Ndoa yangu imetulia. Siku hizi mke wangu ananielewa."

Akaenda kwenye shamba la Mama Aila, mjane mfugaji wa ng'ombe, ambaye konde lake la nyasi lilikuwa limezungukwa na nguzo. Juu ya nguzo hizo ndipo bundi alipokuwa akitua.

"Piga picha zako," Mama Aila alimwambia, "lakini usinikanyagekanyage konde zima kama ng'ombe aliyefunguliwa."

Siku ya kwanza Ambakisye alivaa viatu vipana vya kutembelea thelujini, akaweka betri za kamera kwapani zisife kwa baridi, akamfuata bundi. Bundi alimwacha afike umbali wa hatua mia moja, akarukia nguzo ya pili. Ambakisye akamfuata nguzo ya pili. Akarukia ya tatu. Akamfuata ya tatu. Jioni magoti yalikuwa yanamlia kama bawaba za mlango wa zamani.

Siku ya tatu bundi alimwacha afike hatua sitini. Siku ya sita, ishirini. Ambakisye alikuwa amechoka mpaka machozi yalimtoka bila huzuni yoyote, yakaganda kwenye kope. Kila asubuhi alijiuliza kwa nini asibaki kitandani, na kila asubuhi alijijibu: mvumilivu hula mbivu.

Siku ya tisa aliyala matunda yake.

Bundi alikuwa juu ya nguzo ya kona. Ambakisye akasogea. Hatua ishirini, bundi katulia. Kumi, katulia. Sita, katulia, kamgeuzia uso wote, manyoya yamejaa, macho ya manjano yamefumba nusu kama ya mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda. Ambakisye alipiga picha mia mbili. Mwisho akashusha kamera, akanong'ona, "Ahsante, rafiki yangu. Hatimaye umenizoea."

Akaenda jikoni kwa Mama Aila, barafu ikimdondoka kwenye ndevu, akaweka kamera mezani kama mtu anayeweka kombe.

"Tazama, Mama Aila. Tazama anavyonitazama."

Mama Aila akavaa miwani. Alitazama ya kwanza, akatazama ya kumi, akaisukuma kamera pembeni na kumimina kahawa.

"Umepiga picha nzuri," alisema. "Nzuri sana. Ya njaa."

"Njaa gani? Huoni alivyonenepa?"

"Kajivimbisha. Ndege hujivimbisha akikosa joto ndani. Na macho hayo si ya raha, ni ya kuzimia." Akanywa kidogo. "Mpiga picha, mimi nina ng'ombe kumi na wanne. Anayenipiga teke hanitishi. Yule anayeniacha nimkamue bila hata kugeuza kichwa, huyo ndiye namwitia daktari."

"Lakini aliniacha nisogee! Siku ya kwanza hatua mia, leo sita!"

"Kwa sababu siku ya kwanza alikuwa na nguvu za kuruka." Akanyoosha kidole dirishani. "Kila ulipomrusha, alitumia alichokula jana. Na alipotaka kula leo, panya wako wapi? Tazama nyayo zako."

Ambakisye alitazama. Kutoka pale, konde lote lilionekana limefumwa kwa njia zake, nguzo kwa nguzo, theluji imeshindiliwa ngumu kama sakafu. Panya walikuwa wamehama chini yake. Siku tisa alikuwa akimfuata bundi, na siku tisa alikuwa akimfungia ghala.

Kahawa ilimpoa mkononi.

"Nimpelekee nyama?"

"Ukimlisha leo, kesho atakaa barabarani kungoja watu, gari limgonge. Mrudishie theluji yake. Ondoka kondeni."

Ambakisye alirudi kondeni kuchukua vifaa vyake. Alipita juu ya nyayo zake zile zile, asiongeze hata moja. Bundi hakugeuka kumwona.

Kwa siku mbili theluji ilianguka, laini, bila upepo. Ambakisye alifagia zizi, alibeba ndoo za maziwa, alikaa dirishani. Hakugusa kamera. Bundi alikuwa nukta ya kijivu kwenye nguzo, na kila alipoitazama nukta ile alihofia kuona imedondoka.

Siku ya tatu, nukta ikainama. Ikasikiliza. Ikajitupa.

Ilizama mpaka mabawa. Ambakisye alishika kingo za dirisha. Kisha bundi akaibuka, na mguuni mwake kulikuwa na kitu cheusi kidogo. Mchana huo alimeza panya watatu.

Ambakisye akatoka nje kwa furaha, akavuka lango la zizi hatua moja tu. Bundi akageuza uso, akamwona, akafungua mabawa, akatokomea msituni. Kati yao palikuwa na hatua zaidi ya mia mbili.

Nyuma yake Mama Aila alicheka mpaka ndoo ikamwaga maziwa. "Umeona alivyokukimbia? Huyo amepona!"

Ambakisye hakucheka. Alisimama kwenye theluji akihesabu. Hatua mia. Hatua sitini. Ishirini. Sita. Kisha akahesabu kwa upande mwingine: mwaka wa kugombezwa, mwaka wa machozi, mwaka wa "sawa".

Akavua glavu kwa meno, akapiga simu.

"Mama Lusajo."

"Abee."

"Nimeipata ile picha."

"Sawa."

"Lakini haifai. Sitaiweka kwenye kitabu. Nakuja nyumbani."

"Sawa."

"Mama Lusajo, usiniambie sawa."

"Unataka nikwambie nini?" Sauti yake ilikuwa bapa, kama maji yaliyotuama.

"Lolote. Nigombeze."

Kwa mbali Ambakisye alisikia jogoo, na karibu zaidi, maji yakidondoka kwenye beseni. Tone. Tone. Tone.

"Nimechoka, Baba Lusajo," Subilaga alisema. "Hata kugomba ni kazi. Kunataka mtu wa kugomba naye."

Ambakisye alitaka kujitetea. Alikuwa na maneno tayari, mazuri, yaliyopangika. Akakumbuka konde. Hakusogea. Aliacha kimya kianguke kati yao, laini, bila kukikanyaga, mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akauliza taratibu, "Maji gani hayo yanadondoka?"

"Paa la jiko."

"Linavuja tangu lini?"

Upande wa pili pumzi ilikatika.

"Tangu lini?" alisema Subilaga. "Umeniuliza tangu lini? Masika mawili, Ambakisye! Masika mawili natega beseni! Fundi uliyesema utamwita hajaonekana mpaka leo, mtoto anafanyia hesabu chini ya mwavuli ndani ya nyumba yenye baba, na wewe uko huko umekodoleana macho na ndege, leo ndiyo unaniuliza tangu lini? Kwani wewe, Baba Bundi, una akili timamu kweli?"

Ambakisye alikaa pale pale kwenye theluji, simu sikioni, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye tabasamu. Subilaga alikuwa ametoka kwenye paa amehamia kwenye mlango, na kutoka kwenye mlango akahamia kwenye sikukuu tatu zilizopita.

Mama Aila akasogea na ndoo yake. "Vipi, kuna msiba?"

Ambakisye akafunika simu kwa kiganja. "Hapana, mama. Mke wangu ananigombeza."

Mama Aila akamwinua kwa kola.

"Basi kakate tiketi," alisema, "kabla hajanyamaza tena."

Funzo: Si kila aliyeacha kukukimbia amekuzoea, na si kila aliyeacha kukugombeza amekuelewa, wengine wamechoka tu. Mrudie mtu wako angali na nguvu za kukukasirikia.