Kidole Kwenye Mchoro

Waliosema akiba haiozi hawakuwa wakifikiria ghala la nafaka peke yake. Mtu huweza kuweka kitu, akaenda zake bila kukionja, kikaja kumfaa aliyemwacha nyuma.

Mchambuzi wa hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, katika kiwanda cha pampu alikuwa binti wa fundi wa kerezo, ile mashine ya kuchongea vyuma. Baba yake alifanya kazi miaka thelathini katika karakana ya pampu za mkono, ng'ambo ya ua, na huu ulikuwa mwaka wa tisa tangu afariki. Kila mchana binti alipita pale akijifanya ana shida na mtunza stoo, kumbe alifuata harufu ya grisi tu. Alikuwa na hamu mno na baba yake. Hata sauti yake ilikuwa imeanza kumtoka masikioni.

Ndiyo maana agizo la mkurugenzi lilimkata maini.

"Karakana ile imepitwa na wakati. Nichambulie hataza za pampu, tujue wenzetu wanavumbua nini. Ijumaa tunaamua kama tunaifunga."

"Na hataza zilizokwisha muda, bosi?"

"Ondoa. Hatufanyi biashara ya makaburi hapa."

Akaziondoa. Grafu ikapanda upande wa pampu za umeme wa jua, lakini huko kila njia ilizibwa na hataza hai za makampuni makubwa. Pampu za mkono zikabaki na mstari mfupi kama mkia wa mbuzi. Alhamisi alikaa mbele ya kompyuta, chai imepoa, akiona karakana ya baba yake inafungwa kwa grafu aliyoichora mwenyewe.

Kila hataza hutaja uvumbuzi wa zamani ambao imejengwa juu yake. Alipozisoma zile hai moja moja, aliona kumi na nne zikitaja namba ileile, na namba hiyo haikuwamo kwenye jedwali lake. Alikuwa ameizika yeye. Akaifukua.

Ilikuwa vali ya pampu ya mkono. Mchoro ulionyesha mkono umeshika mpini, na kidole cha shahada kiliishia kwenye kiungo cha pili. Alikijua kidole hicho: kerezo ndiyo iliyokikata, na mwenyewe alijichora vile vile alivyokuwa. Chini lilikuwapo jina la baba yake.

Alilia, kisha akampigia mama yake simu.

"Mama, baba aliwahi kusajili uvumbuzi?"

"Alisajili, mwanangu. Wakubwa wake walimcheka, hawakuutengeneza. Akaniambia, 'Basi, nimeuweka. Atakayeuhitaji atauchukua.' Kwani umeuona wapi?"

Ijumaa aliuweka mchoro mezani kwa mkurugenzi.

"Hataza kumi na nne za makampuni makubwa zimejengwa juu ya vali hii, bosi. Muda wake umekwisha, hivyo hatuna wa kumwomba ruhusa. Na mashine za kuitengeneza tunazo ng'ambo ya ua."

Mkurugenzi aliutazama. "Huyu fundi yuko wapi?"

"Makaburini, bosi. Ni baba yangu."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. "Karakana haifungwi," alisema. "Waanze na hii."

Vali ya kwanza ilipotoka kwenye kerezo, mafundi walimpa binti aishike. Ilikuwa bado na joto, kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Alitamani mkono huo uwe ule wenye kidole kifupi. Haukuwa, wala hautakuwa tena. Lakini alichokiweka mwenye mkono huo kilikuwa kiganjani mwake, kizima. Hakika, akiba haiozi.